Namna Bibi Yako Anavyovisha Ndoano

Mwanangu Nyangeta,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapovisha ndoano chambo hai ni kudhani kwamba kazi yenyewe ni kumchoma samaki. Kumchoma ni jambo dogo, mtoto yeyote aliyekulia kando ya ziwa anaweza. Kazi ni kumchoma halafu abaki mzima. Kambare mchanga aliyefia kwenye ndoano ni takataka, sangara atampita kama anavyopita jani. Anayetakiwa ni yule anayehangaika, anayejipinda na kuyatikisa maji, ili mkubwa aliye chini ahisi kwamba hapa juu kuna kiumbe anayetaka kuondoka na hawezi. Kwa hiyo ndoano haipitishwi kinywani, kwa sababu atashindwa kupumua. Haipitishwi tumboni, kwa sababu matumbo yatatoka. Haigusi uti wa mgongo, kwa sababu atalegea mwili mzima. Inapitishwa kwenye nyama ya juu, chini kidogo ya pezi la mgongoni, mahali pasipo na kitu chochote cha muhimu. Hapo kambare ataishi usiku kucha, na asubuhi utamkuta bado anavuta.

Nimefundisha sayansi maisha yangu yote ya kazi, nimechora samaki ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyepajua mahali hapo kama bibi yako.

Naandika jioni hii mezani, na kupitia ukuta nakusikia ukitoa nguo kwenye begi. Mama yako keshakwambia habari za maji ya kunywa, za simu isikae mfuko wa nyuma, na za chapati zilizoko kwenye ndoo ndogo. Mimi sitayarudia hayo. Unatakiwa kuripoti Songea Jumatatu, kwenye kituo cha kukuzia vifaranga vya samaki. Usiporipoti, nafasi inakwenda kwa anayekufuata, kama ile ya Kigoma ilivyokwenda mwaka jana. Gari linaondoka kesho alfajiri. Na wewe tangu mchana umekuwa ukilifungua begi, kwa sababu bibi yako amekuja, anaumwa, na yuko chumba cha pili amelala kifudifudi.

Nataka kukueleza habari zake. Utakaponisoma utaona kama namsema mama yangu vibaya. Ndivyo ilivyo, namsema vibaya.

Kule kijijini kwetu rasini wanawake hawakuwa wakipanda mitumbwi. Lakini masika yakianza, ziwa likapanda na kuingia kwenye majani, kambare hutoka kilindini kwenda kutaga kwenye maji mafupi yenye joto. Muda si mrefu nyasi zote zinajaa watoto wao, weusi, urefu wa kidole. Hapo ndipo wanawake walipoingia na matenga, maji yakiwa kiunoni. Wengine walikwenda hadi upande wa Bunda, kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, kwa sababu ndani ya mfereji samaki hana pa kukimbilia. Walijaza ndoo, wakawauzia wavuvi wa migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi zinazolazwa ziwani.

Wenzake waliuza samaki na kwenda zao. Bibi yako alivisha. Wanaume walimletea ndoano zao pale nje, wakakaa kwenye mawe kumsubiri, na hawakukubali mkono mwingine uguse. Kambare aliyevishwa na mtu mwingine alikufa kabla mtumbwi haujafika mbali. Wa kwake walirudi wazima, hata wale ambao sangara hakuwataka.

Kulikuwa na mvuvi mmoja mrefu, Bwire, ambaye hakuwa akipita bila kumchokoza, akimwita kwa jina langu.

“Mama Magesa, wewe ungesomaga ungekuwa daktari. Tungepona wote hapa.”

“Wewe huponi,” anamjibu bila kuinua macho. “Mkeo kashaniambia unaumwa nini.”

Wanaume wanacheka mpaka wanashikana mabega. Naye anachovya mkono kwenye ndoo, anatoa mwingine, na sauti yake inabadilika kabisa. “Pole, baba. Pole. Tulia nisikuumize.” Na samaki anatulia kweli, mwanangu. Anamgeuza kiganjani, kidole gumba kinamtafuta pale mgongoni, ndoano inapita, na wala damu hutaiona. Sauti ile niliijua vizuri. Ndiyo aliyotumia kutufunga vifungo vya mashati asubuhi ya Jumapili kabla ya kwenda kanisani.

Mimi nilivishwa nikiwa mwalimu kijana, nafundisha Butiama. Nilipata nafasi ya kwenda chuo kikuu kusoma sayansi, jambo ambalo kijijini kwetu hakuna aliyekuwa amelifanya. Nilipanda gari Musoma na sanduku langu. Gari liliposimama Bunda kuchukua abiria nikasikia mtu anaita jina langu dirishani. Alikuwa jirani yetu, ametangulia kwa lori la mizigo, jasho linamtoka.

“Mwalimu, shuka. Mama yako amezidiwa.”

“Amezidiwa nini? Jana alikuwa anatwanga.”

“Mimi nimetumwa tu. Ukitaka kubishana, nenda ukabishane na maiti.”

Nikashuka. Nilimkuta amegeukia ukutani. Nikakoroga uji, nikamnywesha kwa kijiko, nikalala chini pembeni ya kitanda chake. Kesho yake mvua ikinyesha, akaniuliza huku bado amegeukia ukuta.

“Gari lako limeshaondoka kweli?”

“Limeondoka, mama.”

“Na chuo?”

“Chuo hakimsubirigi mtu.”

Halafu akajifuta uso kwa upande wa kanga, akaketi. “Basi,” akasema, “nasikia nafuu kidogo.” Mvua ilipokatika alichukua tenga lake akaenda kwenye majani. Niliona mgongo wake ukiinama na kuinuka pale majini, mgongo wa mwanamke mzima kabisa.

Usidhani alinitesa. Ningeteswa ningekimbia. Alichinja kuku, na firigisi akanipa mimi mbele ya wageni, akasema, “Huyu ndiye mwanangu. Wengine ni wapita njia.” Unaona alipopitisha? Hakugusa moyo, hakugusa tumbo. Nilikuwa kijana ninayependa kusifiwa kwamba nina huruma, na pale pana nyama laini, pana nafasi. Niliishi. Nilimwoa mama yako, nikahamia kufundisha hapa Musoma, tukajenga Mwisenge, tukakupata wewe. Miaka mingi nilidhani naogelea.

Na chambo hakivuliwi kwa ajili yake chenyewe. Hili lilinichukua muda kulielewa, mimi mtu wa kueleza watoto minyororo ya chakula. Nilikuwa nimewekwa pale kwa ajili ya wengine. Shangazi yako alipotaka kumfuata mumewe Tabora, aliambiwa, “Kaka yako mwenye elimu yake amebaki, wewe ni nani uende?” Akabaki, na mume akaoa mwingine hukohuko. Kila mtu wa ukoo aliyefunga mzigo alionyeshwa mimi. Nami nilikuwa nikihangaika vizuri, nikienda kijijini kila Jumamosi na mkate na sukari, kila mtu akiniona.

Aliyeondoka ni baba yako mdogo Masatu peke yake. Nilikuwepo. Alikuwa anakwenda Buhemba kuchimba dhahabu, na mama akaanguka mlangoni kama kawaida, akipiga kelele kwamba kifua kinapasuka. Majirani wakaja. Masatu akakaa kwenye kigoda akavaa viatu, taratibu, kiatu kimoja halafu kingine, akifunga kamba.

“Masatu, mama anakufa,” nikamwambia.

“Kaka, mtu anakufaga mara moja. Huyu anakufaga kila masika.”

Akamruka. Namaanisha aliinua mguu akapita juu yake, kwa sababu alikuwa amelala kwenye kizingiti na hakukuwa na njia nyingine. Kijiji kizima kilimlaani. Mimi nilimlaani kwa sauti kubwa kuliko wote, na baadaye alipokuja mjini sikumruhusu kula kwangu. Nilisubiri kwa miaka aadhibiwe. Nilisubiri shimo limfukie, watoto wake waharibike, mkewe amkimbie. Nilikuwa nikiuliza habari zake kwa watu watokao Buhemba kwa sauti ya kujali, kumbe nasubiri msiba. Hakuna kilichotokea, Nyangeta. Ana nyumba, ana mashine ya kusaga, watoto wake wanamtania mbele ya wageni, anacheka. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote nitakayokwambia humu. Alimruka mama yake mzazi na akalala usingizi vizuri.

Nilipokuwa bado nafundisha nilileta kambare wachanga darasani kwenye beseni. Wengine nilikuwa nimewatoa kwenye ndoano za mvuvi wa hapa Musoma, wana kovu dogo mgongoni. Nilitaka watoto waone jambo nililokuwa nimeligundua mwenyewe, nikajivunia sana: kwamba samaki aliyekaa kwenye kamba, hata ukimtoa, huendelea kuzunguka mduara uleule kama bado amefungwa. Nikaeleza. Nikachora. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

“Mwalimu, beseni ndilo la duara.”

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Alikuwa sahihi. Samaki hawakuwa na tatizo lolote, jioni niliwapeleka ziwani wakapotea kwenye majani bila kugeuka. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na hasira ambayo sikuielewa. Nilikuwa nimetafuta ushahidi kwamba aliyewahi kutungwa hawezi tena kwenda, nikaukosa.

Sasa tuje kwako. Mwaka jana begi lako lilikuwa tayari mlangoni. Bibi yako akafika kutoka kijijini bila taarifa, akashuka kwenye bodaboda, akakaa chini palepale barabarani. Mlimbeba wewe na mama yako. Ulikaa naye. Nafasi ya Kigoma ikaenda kwa msichana mwingine, nawe ukasema si kitu, Mungu atafungua nyingine. Nafasi ilipokwisha kupotea, nilimkuta bibi yako sokoni anagombana na muuza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, ameweka mikono kiunoni, sauti inafika stendi. “Hawa furu wa lini? Hata paka wangu anakuwaga na heshima kuliko hawa!” Muuzaji akamwambia, “Bibi, nguvu zote hizo ungeenda kuvua mwenyewe.” Sikukwambia. Nilidhani nakulinda.

Wiki hii amekuja tena, ameshika ubavu. Nilikuwa kibarazani nikasikia mnavyozungumza.

“Nenda tu, mke mwenzangu,” alikwambia. “Nenda ukafuge samaki wa watu. Mimi nitazikwa na majirani.”

“Bibi, usiseme hivyo.”

“Nasema nini? Nakusifu. Wewe una huruma kuliko baba yako. Tangu mdogo ulikuwaga hivyo. Njoo nikushike mkono.”

Ukampa mkono. Ulipotoka mle chumbani ulikwenda moja kwa moja kwenye begi, ukatoa kandambili, ukaziweka chini ya kitanda kama mtu ambaye kesho atazihitaji hapa.

Nyangeta, nilijua ungetaka kuniuliza kama safari hii ni kweli. Kwa hiyo juzi nilimpeleka hospitali, nikitumaini nirudi na jibu nililolizoea. Daktari aliniita pembeni. Ini limeharibika, kuna uvimbe, na umekwishasambaa. Alisema tumrudishe nyumbani, tumpe anachopenda kula. Safari hii ni kweli. Pengine hatamaliza mvua hizi.

Ningeweza kukuficha. Ukasafiri ukiamini ni maigizo, ukaja kuambiwa baadaye, ukanichukia mimi badala ya kujichukia. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu. Lakini mtu aliyeondoka kwa kudanganywa hajaondoka, atarudi kuitafuta siku ile. Ninataka uende ukijua.

Nilimweleza bibi yako mwenyewe tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la nje, tukisubiri bajaji. Nilimweleza kwa upole, kwa Kijita, nikimshika bega. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliangalia ziwa kwa muda, na mimi nikadhani anaomba. Kisha akanigeukia, na uso wake, mwanangu, ulikuwa umechangamka. Akaniuliza jambo moja tu.

“Nyangeta ameambiwa?”

“Bado, mama.”

“Mwambie kabla hajaondoka.”

Basi nimekwambia. Nimemtii mama yangu, ndivyo nilivyo.

Ukibaki, najua itakavyokuwa. Utamwogesha, utamgeuza, utamlisha kwa kijiko. Atakusifu mbele ya kila mgeni. Atafia mikononi mwako akikwambia wewe ndiye peke yako, na watu kanisani watakuonyesha kwa binti zao kama mfano. Nafasi ya Songea itakuwa imekwenda. Kutakuwa na arobaini, kisha kuna shamba la kule rasini nani ataliangalia, kisha kuna mimi. Mimi nazeeka. Magoti yangu tayari yanauma. Nimelelewa na yule mwanamke na nimeangalia vidole vyake utoto wangu wote, kwa hiyo usiniamini na mimi. Siku nikikupigia kusema naumwa sana, kata simu, mpigie mama yako, muulize kama nimekula. Mama yako hajui kudanganya kuhusu chakula.

Usifikiri kwamba ukiondoka atakufa na amani, au kwamba moyoni atakubariki. Hatakubariki. Atakulaani, na atakulaani kwa jina, na ataitisha watu wasikie. Utaitwa kama alivyoitwa baba yako mdogo. Shangazi yako atakutumia ujumbe mrefu usiku, usiujibu. Mimi nitamwogesha mama yangu, nitamgeuza, ni kazi yangu na naijua. Usiku akikuulizia nitamwambia umekwenda. Akiuliza tena nitamwambia tena. Siku atakapofariki nitakupigia siku hiyohiyo, na nitakwambia usije, kwa sababu utakuwa bado mgeni kazini na hawatakuruhusu. Utalia huko peke yako, kati ya watu wasiojua jina la kijiji chenu. Itakuuma. Sina dawa ya hilo, na ningekuwa nayo ningekuwa nimeinywa mwenyewe.

Sikwambii kwamba hakukupenda. Anakupenda. Alinipenda mimi, alimpenda shangazi yako. Hakuna mtu aliyewahi kunishika kwa upendo kama yeye, na ndiyo maana sikwenda popote.

Nitaipitisha karatasi hii chini ya mlango wako kabla hakujapambazuka, nawe utaisoma ukiwa umevaa. Bibi yako atakuwa macho, atasikia maji bafuni, ataita jina lako kwa sauti ndogo. Ukiingia kumuaga hutatoka. Usiingie, usiitike, usisimame mlangoni kumwangalia. Leo pita mlango wa jikoni, nenda stendi ya Bweri, panda gari.